Ghala Lisilobomolewa

Maji machafu yalianza kupanda ndani ya bafu Jumamosi asubuhi, wakati Nkatha anarudi kutoka kazini na Gilbert anatafuta funguo za gari aende kuwabeba wagonjwa wake wa kusafishwa figo. Yalikuja kimya kutoka chini, rangi yake kama chai iliyolala. Aliyeyaona kwanza ni Peris, mama yake Gilbert. Alikuwa hajamaliza mwezi tangu afike kutoka Meru, na vitu vya nyumba ile bado vilikuwa vinamtisha, kwa hiyo alidhani yeye ndiye aliyeharibu. Aliufunga mlango wa bafu, akakaa kwenye kiti cha korido na mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

“Sikugusa kitu,” alimwambia Nkatha. “Nilinawa mikono tu.”

Nkatha alifungua mlango, harufu ikampiga usoni. Alikuwa bado amevaa sare ya uuguzi. Aliyatazama yale maji yakipanda taratibu, akamwambia mama mkwe wake si kosa lake, halafu akamwita Gilbert kwa sauti ambayo Gilbert aliijua.

Nyumba yao ilikuwa upande wa mashariki wa Minneapolis, baada ya kuuvuka mji mdogo wa Oakdale, pale ambapo mabomba ya mji yanakoma na kila mtu ana kisima chake na tangi lake la maji taka. Fundi waliyempata alikuwa Habimana, mtu wa Goma ambaye mke wake alifanya kazi wodi moja na Nkatha. Alikuja na mashine ndogo ya kuchimbia, akafukua huku, akafukua kule, na kufikia mchana ua mzima ulikuwa na makovu. Mwishowe alivua glavu akaja kusimama mlangoni bila kuingia, kwa sababu ya viatu vyake.

“Patron, huu udongo umeshiba,” alisema. “Tangi limepasuka, lakini tangi si shida. Shida ni udongo. Hautakunywa tena hata tone.”

Gilbert aliuliza kama mitaro mipya ya kupitishia maji ya tangi ardhini haiwezi kuchimbwa mahali pengine. Habimana alimtoa nje akamzungusha. Mbele ya nyumba palikuwa na kisima chao. Kulia palikuwa na kisima cha jirani, na sheria hairuhusu kukisogelea. Kushoto ardhi ilikuwa chepechepe, bata wanatembea. Palibaki pahali pamoja tu, pakavu, pameinuka, mchanga mzuri. Habimana alipaonyesha kwa kidevu, kama anayeona haya kupataja.

Pahali penyewe palikuwa na ghala.

*

Waliponunua ile nyumba, ghala lilikuwa kitu cha kuudhi tu kilichokuja nayo, kubwa kuliko nyumba yenyewe, giza ndani, limejaa mashine kuukuu na vinyesi vya njiwa. Nkatha alitaka libomolewe mwaka uleule, ajenge pale makao ya wazee kama walivyofanya Wakenya wengi aliowafahamu, awe bosi wa nafsi yake kabla mgongo haujamwisha. Gilbert ndiye aliyesitasita. Jioni alikuwa anaingia mle na tochi, anaangalia juu. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Nguzo za mwaloni, nene kama mwili wa ng'ombe, zilikuwa zimeshikamana na boriti kwa vigingi vya mbao, na karibu na kila kiungo palikuwa na alama iliyochongwa kwa patasi: mistari, mikasi, pembe.

Alipiga picha, akazituma kwa chama cha historia cha wilaya. Wiki ileile walikuja watu watatu. Mmoja wao, mwanamke wa makamo aitwaye Bi. Lundgren, alisimama katikati ya ghala akalia.

Walitoboa vijishimo kwenye nguzo, wakazihesabu duara za miti, wakaja na habari. Miti ile ilikatwa Uingereza zaidi ya miaka mia tano iliyopita, ili watawa wa nyumba moja ya ibada wapate mahali pa kuhifadhi ngano. Baadaye sana tajiri mmoja wa viwanda vya unga vya Minneapolis aliliona akiwa matembezini, akalinunua, akalifungua ubao kwa ubao, akalipandisha meli na treni, akalisimamisha upya hapa ili rafiki zake wacheze dansi ndani yake. Tajiri akafa, watoto wake wakauza shamba vipande vipande, na kipande chenye ghala kikapita mikono mingi mpaka kikamfikia Gilbert, dereva wa gari la wagonjwa.

Siku ya kuliandikisha kuwa jengo la kulindwa ilikuwa sherehe. Nkatha mwenyewe alikaanga sambusa na kupika chai ya maziwa, na watu waliopita mbele ya lango lao miaka yote bila kupunga mkono walikuja wakala, wakaomba za kubeba. Gilbert alivaa suti. Bi. Lundgren alimshika bega mbele ya watu akamwita mlinzi wa ghala. Tangu siku hiyo shule zilianza kuleta watoto, na Gilbert, ambaye kutwa nzima abiria wake walimwita “dereva” au hawakumwita chochote, alijifunza kueleza habari za vigingi na alama za mafundi mpaka watoto wanafungua midomo. Nkatha aliyaona mabadiliko hayo. Alimwona mumewe akitembea vizuri zaidi. Ndiyo maana aliacha kutaja makao ya wazee.

*

Ofisi ya ujenzi ya wilaya iliwaambia kwamba kibali cha kubomoa ghala hakitolewi. Kibali cha kuchimba ndani ya ghala nacho hakitolewi, kwa kuwa misingi nayo inalindwa. Walielekezwa kwa kamati ya majengo ya kale, na kamati ilikutana katika chumba kimoja cha maktaba, meza zimepangwa kama harusini.

Wanakamati wote walimjua Gilbert. Walimpa mkono, wakamuuliza habari za ghala kana kwamba wanauliza habari za mtoto. Nkatha alikaa nyuma na binti yao Natasha, mwenye umri wa miaka kumi na minne, ambaye tangu maji yapande alikuwa anaogea shuleni na hamwambii mtu kwa nini.

Gilbert alieleza shida kwa ufupi. Halafu alisema, “Ghala hili lilihamishwa mara moja. Lilivuka bahari. Sisi tunaomba livuke barabara tu.”

Watu wawili watatu walicheka kwa upole. Bi. Lundgren, ambaye naye alikuwa mwanakamati, hakucheka. Alisema wamelifikiria jambo hilo kwa uchungu. Mwaloni ukizeeka unakuwa kama chuma, lakini viungo vimechoka. Vikifunguliwa tena vitapasuka, na kitakachosimama upande wa pili hakitakuwa ghala hili. Isitoshe, pale liliposimamishwa na yule tajiri pamekuwa sehemu ya historia yake.

“Na sisi?” Nkatha aliuliza kutoka nyuma. Hakuwa ameomba nafasi ya kusema. “Sisi tuna mama wa miaka sabini na tisa mwenye kisukari. Anaamka kila mara kwenda chooni. Historia yake mtaiweka wapi?”

Mzee mmoja mwenye tai ya kipepeo alisema kwa sauti nzuri kabisa kwamba anawahurumia, na akauliza kama hawajafikiria kuhama. Gilbert alijibu kwamba walishamwita dalali wa nyumba. Dalali aliizunguka nyumba mara moja akawaambia hakuna benki itakayomkopesha mtu pesa za kununua nyumba isiyo na choo. Yule mzee akatikisa kichwa kama anayesikia habari ya msiba wa mbali, na kamati ikahamia jambo lililofuata, ambalo lilikuwa rangi ya daraja.

Walirudi kwa gari. Walipofika karibu na nyumbani Natasha alisema kwa Kiingereza kwamba mama hakupaswa kuropoka vile mbele ya watu. Nkatha alimjibu kwa Kimeru, na Natasha, ambaye hakijui, akaelewa.

*

Walikodi choo cha plastiki, kile cha buluu kinachowekwa kwenye maeneo ya ujenzi. Gilbert alikisimamisha nyuma, kimeegemea ukuta wa ghala, ili upepo usikiangushe. Maji ya kuoshea vyombo walimwaga kwa ndoo. Kuoga walienda kwenye jumba la mazoezi, wakijifanya wanafanya mazoezi. Nkatha alianza kufika kazini mapema na kutoka akiwa amechelewa, na wenzake wakamsifu kwa bidii.

Peris hakulalamika. Alisema nyumbani kwao choo kilikuwa nje maisha yake yote. Lakini choo cha nyumbani hakikuwa na barafu kwenye kikalio, wala njia yake haikuwa ya kioo. Baridi ilipokaza, Nkatha aligundua kwamba mama mkwe wake anaacha vikombe vya chai vimejaa. Alimpima sukari, akamtazama ngozi ya mkono, akajua.

“Mama, hunywi maji.”

“Nakunywa.”

“Hunywi ili usitoke nje.”

Peris aliutazama mkono wake uliokuwa bado mikononi mwa Nkatha. “Sasa wewe ulitaka nifanye nini, mwanangu? Jana yule jirani mwenye mbwa alisimama kunisubiri nitoke ili anisalimie.”

Nkatha alimwambia Gilbert mara moja kwamba mama lazima arudishwe Kenya. Gilbert akasema mama hajaona hata maua ya huku, amengoja viza miaka, watu wa nyumbani watamuuliza kwa nini amerudi kabla ya wakati na yeye atasema nini. Waliacha maneno pale. Waliyaacha pale karibu kila siku.

*

Theluji kubwa ilikuja Jumapili. Kanisa lilifungwa, barabara zikafungwa, na kufikia saa nne asubuhi usingeweza kuona lango kutoka dirishani. Katika makubaliano na kamati, kazi ya kupunguza theluji juu ya paa la ghala ilikuwa ya Gilbert. Alikuwa na reki ndefu ya kuivuta akiwa chini. Bi. Lundgren alikuwa amemweleza mara nyingi: kenchi zinazobeba paa upande wa mashariki zimechoka, zisiachwe zibebe mzigo.

Gilbert alivaa buti. Nkatha alikuwa sebuleni, amesimama dirishani.

“Usiende,” alisema.

Gilbert alidhani anamwonea huruma kwa baridi. Akasema hatakawia.

“Gilbert. Usiende.” Hakugeuka. “Likianguka lenyewe, hakuna atakayetushtaki. Ni Mungu ameleta theluji.”

Gilbert alisimama na buti moja imefungwa na nyingine haijafungwa. Angeweza kubisha. Alilijua lile ghala kuliko alivyoyajua mambo mengi ya maisha yake. Aliijua alama ya kila nguzo. Alifikiria watoto wa shule, akafikiria mkono wa Bi. Lundgren begani mwake. Halafu akafikiria vikombe vya chai. Akavuta kiti, akakaa kando ya mke wake, na wote wawili wakatazama nje.

Natasha alipita na bakuli la uji wa shayiri, akauliza kwa Kiingereza kama baba hatoki leo. Gilbert akasema baadaye. Msichana akawatazama wazazi wake, akalitazama paa lililovimba kwa weupe, akaelewa zaidi ya walivyotaka aelewe. Akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.

Theluji iliendelea. Ghala likaanza kulia, mlio mzito wa mbao unaosikika kifuani kuliko masikioni. Nkatha alishika ukingo wa dirisha. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Gilbert hakutaka kujua kama ni sala.

Kisha upande mzima wa paa ulishuka. Wingu jeupe lilipanda juu likafunika kila kitu, na kishindo kikatikisa vikombe kabatini. Gilbert alimgeukia mke wake akaona usoni mwake kitu ambacho hakuwa amekiona kwa miezi, uso uliolegea wa mtu aliyetua mzigo.

Wingu lilipotulia, ghala lilikuwa limesimama. Kilichoanguka ni theluji tu. Paa lilikuwa la mteremko mkali, watawa walilijenga kwa ajili ya mvua zao, na mzigo ulipozidi likautema wote chini. Chini ya ukuta, mahali palipokuwa na kile choo cha buluu, palikuwa na kilima cheupe.

“Nani yuko chumbani na Mama?” Nkatha aliuliza.

Hakuna aliyekuwa chumbani na Mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na koti lake halikuwa kwenye msumari wa mlango wa jikoni.

Walichimba kwa koleo, kwa mikono, kwa sufuria. Natasha alitoka akiwa na soksi tu miguuni. Choo kilikuwa kimelala ubavu, mlango umekabwa na theluji, na ndani yake Peris alikuwa anaita jina la mwanawe, si kwa kupiga kelele, ila kwa kurudiarudia, kama anayemwamsha mtoto kwenda shule. Walipoung'oa mlango walimkuta amekunjamana, hajavunjika, amelowa tangu kiunoni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa kwa yale yaliyokuwa ndani ya tangi la choo. Gilbert alinyoosha mikono ambebe. Mama yake akajifunika uso.

“Usinitazame,” alisema. “Mwite Nkatha. Wewe usinitazame.”

*

Hospitali walimlaza kwa ajili ya baridi na mapafu. Nkatha alimwosha mwenyewe, ingawa wauguzi wa pale walikuwepo, akabadilisha maji mara kadhaa na hakuna aliyemharakisha. Siku ya pili Peris alipata sauti. Gilbert alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, Nkatha upande wa pili.

“Nilipotoka nilikuona dirishani,” Peris alimwambia mwanawe. “Ulikuwa umevaa buti. Nikadhani unangoja ipungue.”

“Mimi ndiye niliyemwambia akae, Mama,” alisema Nkatha.

Peris alimgeukia. “Kumbe mlikuwa mnangoja lianguke.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na mimi niko chini yake.”

“Hatukujua kama umetoka.”

“Najua hamkujua,” alisema Peris. “Nilitoka polepole makusudi, nikaambaa na ukuta. Sikutaka mnione nikienda.” Alimpapasa Nkatha mkono, mara moja tu, kama anayempangusa vumbi. Kisha akamwambia Gilbert amtafutie tiketi. Watu wa nyumbani wakiuliza, atasema baridi ilimshinda, na hilo litakuwa kweli.

Aliondoka kabla barafu haijayeyuka. Kwenye uwanja wa ndege, Gilbert alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kwa ustadi wa kazi yake, akapunguza mwendo kwenye kila kizingiti. Mama yake alitazama mbele tu.

*

Habari za ajali ziliishtua kamati. Bi. Lundgren alikuja nyumbani na maua, akalia tena, kisha akaomba kuliona ghala, akashukuru kwamba kenchi hazikupata ufa. Alimsifu Gilbert kwa jinsi alivyolitunza majira yale magumu. Gilbert alisema ahsante. Nkatha alimsikia akisema, na hakumlaumu.

Msaada ulipatikana upesi kuliko walivyozoea kuona mambo yakienda, lakini ulikuwa msaada wa ghala. Jengo linalotembelewa na watoto wa shule linahitaji choo. Sheria inayokataza tangi la kufyonzwa na lori kwa nyumba ya kuishi inaliruhusu kwa mahali pa umma, mradi liwe kando ya barabara ambapo lori linafika. Mwezi wa tano kikajengwa kijumba kizuri cha mbao karibu na lango, upande wa wanawake na upande wa wanaume, chenye maji ya moto, na hata bomba la kuogea kwa ajili ya wafanyakazi watakaokuja kukarabati. Inspekta wa wilaya, ambaye alikuwa tayari kuwaambia nyumba haikaliki, alikubali kwamba familia ikipewa funguo inaweza kuendelea kukaa kwa muda. Gilbert alimuuliza muda gani. Inspekta akasema mpaka suluhisho la kudumu lipatikane, na wote wawili wakatazama ghala.

Habimana alipopita kuchukua vifaa vyake alivyoviacha, alizunguka kile kijumba, akagonga ukuta, akasema kazi ni safi. Nkatha alimuuliza kama angekuwa yeye angefanyaje. Habimana alifikiri. “Vraiment, kweli kabisa, mama, sijui,” alisema. “Kuondoka unaacha kila kitu. Kukaa, unakaa hivi.”

Majira ya joto wageni wakawa wengi. Walikuja mpaka kutoka Eden Prairie, upande wa pili wa Minneapolis, magari yamepangwa barabarani, watoto na aiskrimu. Jumamosi moja Nkatha aliamka mchana baada ya shifti ya usiku, akafunga khanga juu ya nguo ya kulalia, akatia taulo begani, akashuka kwenda langoni. Upande wa wanawake ulikuwa na foleni. Akasimama mwisho wake, katika ua wake mwenyewe, na jua likimchoma utosini.

Mwanamke aliyetoka ndani alimwona, akamtabasamia kwa ukarimu, akamwambia karatasi imeisha, na sakafu kidogo imelowa.

Wale wengine kwenye foleni wakageuka kumtazama, wakampisha njia. Nkatha alifungua mdomo aseme kwamba yeye si mfanya usafi. Mbele yake zilikuwa nyuso za watu wema, watu ambao wangeona haya sana kama angewaambia, wangeomba radhi, wangemuuliza maswali, na angelazimika kusimama pale na taulo lake kuwajibu. Alirudi nyumbani. Alichukua karatasi kutoka stoo yake, akachukua deki na ndoo, akarudi. Wakampisha tena. Aliingia, akapiga deki sakafu yote mpaka kwenye pembe, akaweka karatasi mahali pake.

Halafu akafunga mlango kwa ndani, akafungulia maji ya moto, akavua khanga.

Nje watu walingoja. Baada ya muda mtu aligonga polepole, kisha akagonga tena. Nkatha alijipaka sabuni mikononi, shingoni, mgongoni hadi pale mkono ulipofika. Kupitia dirisha dogo la juu sauti ya mumewe ilikuwa inaingia, sauti nzuri, imetulia, inawaeleza wageni jinsi watu wa zamani walivyounganisha mbao bila msumari, na jinsi mwaloni unavyokazana kadiri unavyokauka, hivi kwamba kigingi kikishaingia, hata aliyekipigilia hawezi tena kukitoa.

Waligonga kwa mara ya tatu. Aliyaongeza maji.